Ng'ombe mwenye jini ya nyani, utakula nyama yake?

Mchunga_Mpakani: Wakuu salama. Wale watafiti wa ILRI, kituo cha utafiti wa mifugo pale Nairobi, wana wazo lao la siku nyingi, wachukue jeni ya nyani inayoua vimelea vya nagana, ule ugonjwa wa ng'ombe wa mbung'o, waipandikize kwa ng'ombe wa Boran, mbung'o amng'ate mpaka achoke. 2012 walizalisha dume la kukloni wakaliita Tumaini, lile halina jeni ya nyani, walikuwa wanajaribu njia tu. Mimi nasema walete hata kesho. Nyie je?

Bint_Shangani: Kichwa cha uzi umeandika JINI 😂😂 huyo hatibiwi na bwana mifugo, apungwe

Mchunga_Mpakani: Simu hii dada. Jeni.

Abuu_T: Chekeni tu. Nyani haliwi, sasa ukitia kitu chake ndani ya ng'ombe, hiyo nyama tuiiteje? Nauliza.

Mtu_wa_Maabara: Mzee hachinjwi nyani hapo. Jeni yenyewe APOL1 hata wewe unayo, inatengeneza protini ya kwenye damu, kimelea anaibugia akidhani msosi, inamtoboa anavimba anakufa. Ila kimelea cha malale (ugonjwa wa mbung'o kwa binadamu) ya huku kwetu, rhodesiense, kikajiundia protini ya kuikamata hiyo yetu, ndo maana tunaumwa. Ya nyani imebadilika kidogo huku mwishoni, haikamatiki. Sokwe ndo hana kabisa, ilishampotea. Wewe na nyani ni ndugu wa mbali ila yeye alijipanga vizuri.

Abuu_T: Ndugu yako WEWE. Mimi babu yangu namjua mpaka kaburi lake.

Kijana_wa_Kona: haya uzi umeshaingia mtaroni 🍿

Bint_Shangani: Kwani lazima nyani? Kwetu Unguja madume ya mbung'o yalipigwa mionzi yasizalishe, yakamwagwa na ndege, 94 mpaka 97 hivi, wakaisha. Mbona nyie mmeshindwa

Mchunga_Mpakani: Unguja kisiwa, ukishafagia nani atavuka bahari? Mimi zizi limepakana na hifadhi. Asubuhi unamkuta ng'ombe manyoya yamesimama, machozi yanachuruzika, mbavu unazihesabu, unakoroga ile dawa ya njano unamdunga, mwezi ujao yuko vilevile kwa sababu dukani waliniuzia feki. Vitambaa vya bluu vya kutega mbung'o vimeibwa vikashonwa kaptula. Nyie ng'ombe mnamjua kwenye mishikaki.

Mama_Figo: Naomba kuuliza kitu. Kuna matoleo ya hiyo APOL1 kwa watu wenye asili ya Afrika, yanasaidia kwenye malale, lakini ukirithi kwa baba na kwa mama figo zinakuwa hatarini, utafiti wake ulitoka 2010 kama sikosei. Huyo ng'ombe figo zake nani atazifuatilia miaka kumi?

Bint_Shangani: MISHIKAKI?? Babu yangu alikuwa na ng'ombe kumi na nne Donge, nimekamua kabla sijajua kusoma, usinizoee

Mchunga_Mpakani: Kumi na nne ndo unajisifia? Hao kwetu mtoto anachunga peke yake na hajaanza shule

Kijana_wa_Kona: mama wa figo kauliza la maana, tumjibu jamani

Abuu_T: Bint, Donge ipi? Mbiji au Vijibweni?

Bint_Shangani: Mbiji

Abuu_T: Aa! Babu yako nani? Huenda sisi ndugu.

Mtu_wa_Maabara: 😂😂😂

Mchunga_Mpakani: Jamani ng'ombe wangu