Kikapu cha Jumamosi 🧺

*Jumamosi*

Baba Neema 06:12
Habari za asubuhi majirani. Mzigo wa Lushoto umeshafika Stendi ya Magufuli, naufuata na bajaji. Saa tatu muwe kwangu. Kila mtu aje na kapu lake, safari hii sina mifuko.

Mama Imani 06:15
Asante baba. Kuna nini leo? Usiniambie liki.

Baba Neema 06:16
Liki zipo.

Mama Imani 06:16
😭😭 Wiki ya tatu jamani! Nimetoa elfu 80 ya mwezi nikitegemea nyanya na hoho, naletewa majani marefu utadhani nafuga ng'ombe.

Deo 06:19
😂😂😂

Baba Neema 06:24
Mama Imani, hili si genge. Gengeni unachagua. Huku tumelipa mapema ili mkulima apate hela ya mbegu na samadi, naye anatuletea kilichokomaa shambani wiki hiyo. Nyanya zilikuwepo, mvua imezipiga mfululizo, ukungu ukaingia. Kanitumia picha, hii hapa.

*[Picha]*

Deo 06:26
Duh. Kama zimepitiwa na moto. Pole yake sana.

Mama Imani 06:27
Basi mwambie pole. Na hoho?

Baba Neema 06:27
Hoho bado maua.

Zuhura 06:31
Baba Neema tutajie vyote tupange mapishi.

Baba Neema 06:33
Liki mafungu mawili, karoti na majani yake, kabichi ndogo, mnavu, njegere za maganda. Halafu plamu kilo moja na peasi sita sita.

Mama Imani 06:33
Si ungeanzia hapo!

Zuhura 10:48
Nimeshachukua langu. Swali: hizi plamu zina unga mweupe kwa juu. Ni dawa?

Baba Neema 10:52
Siyo dawa, ni nta ya tunda lenyewe. Ukilipangusa na kidole linang'aa. Osha zile unazokula tu, zikikaa na maji zinaoza haraka. Chache zimepasuka, mtanisamehe. Kutoka Lushoto kushuka mpaka Mombo ni kona tupu, na aliyezifunga alikuwa ameweka majani ya mgomba chini lakini juu akasahau.

Zuhura 10:55
Na peasi ni mawe. Nimeng'ata moja, jino bado linalia.

Deo 10:56
Warudishiwe wenyewe hizo

Bibi Mwanaidi 11:20
Msirudishe kitu

Zuhura 11:20
Shikamoo bibi 🙏

Deo 11:21
Shikamoo bibi

Bibi Mwanaidi 11:29
Marahaba wajukuu. Peasi huchumwa ngumu. Ukiiacha iivie mtini inaoza kuanzia ndani na nje bado unaiona nzuri. Ziweke mezani siku nne tano. Usibonyeze tumboni, bonyeza karibu na kikonyo, pakilegea kula siku hiyo hiyo maana kesho yake imeshakuwa uji. Sisi kwetu Lushoto mama alikuwa anazifukia kwenye debe la mahindi makavu. Tukawa tunaenda kuzipapasa kila saa, mpaka zinatoka na mabaka ya vidole vyetu na tunachapwa wote bila kesi.

Deo 11:31
😂😂 bila kesi

Bibi Mwanaidi 11:36
Na karoti kateni majani leo leo, yakibaki yanainyonya mpaka inalegea kama kamba.

Mama Imani 11:38
Bibi nisaidie na liki. Wiki iliyopita nilipika, tukatafuna mchanga.

Bibi Mwanaidi 11:50
Mchanga lazima uwepo mwanangu. Liki inapaliliwa kwa kupandishiwa udongo shinani ili shina libaki jeupe, udongo unaingia katikati ya matabaka. Ukiosha nje tu umejidanganya. Ipasue kwa urefu, ifunue kama kitabu, pitisha maji kila jani. Kisha katakata nyembamba, weka na mafuta kidogo, moto mdogo. Usiikaange kwa hasira kama kitunguu maji, ikiungua inakuwa chungu mdomoni. Ikilainika weka viazi na njegere, tui jepesi, chumvi, ndimu mwishoni. Basi.

Mama Imani 11:52
Kwa hasira ndiyo ninavyopika siku zote 😅 Nitajaribu.

*Jumapili*

Deo 07:05
Naomba kuuliza kwa heshima. Kuna mtu mwingine aliyekula plamu kilo nzima jana?

Zuhura 07:07
Kilo nzima peke yako?

Deo 07:07
Nilikuwa naangalia mpira.

Deo 07:08
Usiku sikulala. Njia ya chooni naijua hata nikifumba macho.

Bibi Mwanaidi 07:30
Plamu zinafungua tumbo. Tano zinatosha. Kunywa uji mwepesi na maji mengi.

Baba Neema 07:34
Wiki ijayo nitamwombea Deo kabichi tupu.

Zuhura 13:10
Mnavu nimeuchemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikaunga na karanga. Uchungu umebaki ule mdogo wa kupendeza. Watoto wamegoma, nimekula mimi na baba yao sufuria yote.

Mama Imani 14:42
Naleta ripoti. Liki nimeifunua kama kitabu. Nimeosha. Moto mdogo, tui, ndimu, yote. Mchanga hakuna.

Bibi Mwanaidi 14:44
Alhamdulillah

Mama Imani 14:45
Lakini bibi, nisamehe. Ni kitunguu kilichokata tamaa.

Deo 14:45
😂😂😂😂 nimecheka tumbo likanikumbusha

Zuhura 14:50
Mama Imani, fungu la pili nipe mimi, mie nazipenda. Nakupa peasi mbili.

Mama Imani 14:51
Nne.

Zuhura 14:51
Mbili na njegere zangu.

Mama Imani 14:52
Tatu, njegere baki nazo. Mtume mtoto sasa hivi kabla sijabadili mawazo.

Zuhura 15:06
Mtoto amerudi na majani ya kijani tu. Shina jeupe liko wapi?

Mama Imani 15:09
Ngoja niulize.

Mama Imani 15:13
Imani ameshampa sungura.

Zuhura 15:13
Basi nirudishie peasi zangu!

Mama Imani 15:14
Nimeshazifukia kwenye mahindi.