Patisheni ya mfumo imefika asilimia 97: kusafisha, kuhamisha /var au kuongeza nafasi?

Jirani_wa_Ziwa (Kisumu)
Hamjambo wenzangu. Ninatunza seva ya Ubuntu 22.04 inayohifadhi matokeo ya maabara ya kliniki moja hapa Kisumu. Patisheni yake ya mfumo ina gigabaiti 20, na amri ya df -h, inayopima nafasi ya diski, inaonyesha kwamba 18 zimetumika na kwamba tumefika asilimia 97. Hifadhidata bado inafanya kazi, lakini siku itakayokosa pa kuandika itasimama, na foleni ya wagonjwa itafika nje ya lango. Nina njia tatu mezani: kufuta kache na logi za zamani, kuhamishia /var yote (saraka ya logi, kache na data za programu) kwenye diski ya pili iliyomo ndani ya mashine, au kuipanua patisheni yenyewe. Ni ipi yenye hatari ndogo, ikizingatiwa kwamba siwezi kuizima seva mchana?

Menengai (Nakuru)
Mimi ningeanza kwa kusafisha, kwa sababu ni kazi ya dakika chache na haihitaji kuzima chochote. Amri ya sudo apt clean hufuta vifurushi vilivyobaki katika /var/cache/apt/archives baada ya kusakinishwa, na sudo apt autoremove --purge huondoa keneli (viini vya mfumo) za zamani pamoja na vifurushi visivyohitajika tena; soma orodha inayokupa kabla ya kukubali. Kisha angalia logi za journald, huduma inayoandika kumbukumbu za mfumo, ambayo isipowekewa kikomo hujiruhusu kuchukua hadi sehemu ya kumi ya mfumo wa faili, yaani karibu gigabaiti 2 kwako. Amri ya sudo journalctl --vacuum-size=300M itazipunguza papo hapo, na mstari wa SystemMaxUse=300M katika /etc/systemd/journald.conf utazizuia zisikue tena.

Tahadhari moja: usitumie rm kufuta logi ambayo programu bado inaiandikia. Jina litatoweka kwenye saraka, lakini nafasi haitarudi mpaka programu hiyo iifunge faili au izimwe. Tumia truncate -s 0, ambayo huiacha faili ilipo na kuondoa yaliyomo tu.

Fundi_Lurambi (Kakamega)
Sipingani na Menengai, ila kusafisha kunakununulia muda tu. Ukubwa wa gigabaiti 20 unanitia shaka. Kisakinishi cha Ubuntu Server, ukikiachia kipange chenyewe LVM (njia ya kugawa diski kwa sehemu zinazoweza kupanuliwa) kwenye diski ya kadiri, huipa patisheni ya mfumo nusu tu ya nafasi iliyopo na kuiacha nusu nyingine bila kugawiwa. Wengi hununua diski mpya ilhali wamekalia nafasi yao wenyewe. Andika sudo vgs utazame safu ya VFree (nafasi ambayo haijagawiwa). Ikiwa kuna kitu, sudo lvextend -r -L +5G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv itapanua patisheni na mfumo wa faili kwa pamoja, seva ikiwa inaendelea na kazi. Usichukue yote kwa mkupuo, kwa maana ext4, aina ya mfumo wa faili, hukua ikiwa imepachikwa (imeunganishwa na inatumika) lakini haipungui mpaka iondolewe, na XFS, aina nyingine, haikubali kupunguzwa kwa kiasi cha maana. Anayetumia XFS ajue hilo mapema.

Usishangae pia kuona 18 kati ya 20 zikisomeka kama asilimia 97. Kwa kawaida ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya root, mtumiaji msimamizi, na df haiihesabu kama nafasi iliyo wazi. Unaweza kuipunguza kwa tune2fs -m 2, ingawa kwenye patisheni ya mfumo mimi huiacha, kwa kuwa ndiyo inayoniwezesha kuingia na kurekebisha mambo wengine wanapoambiwa diski imejaa.

Binti_Bungoma
Hiyo njia ya pili mimi naikataa. Kuhamisha /var kunadai uingie katika hali ya uokoaji, unakili kwa rsync -aHAX na kuhariri /etc/fstab. Kisha asubuhi ambayo diski ya pili itachelewa kuamka, mashine nzima itagoma kuwaka. Ukilazimika kuhamisha, hamisha saraka ya hifadhidata peke yake, na ukumbuke kuijulisha AppArmor, kinga inayowekea programu mipaka ya faili, mahali papya, la sivyo hifadhidata kama MySQL itanyimwa ruhusa.

Lakini ndugu, kabla ya kuchagua, umejua ni nini kilichoijaza? Endesha sudo du -xhd1 /, inayojumlisha ukubwa wa faili, ulinganishe jumla yake na ile ya df.

Jirani_wa_Ziwa (Kisumu)
Ahsanteni. Kusafisha kumerudisha gigabaiti 1.5, na vgs inaonyesha karibu 19 ambazo hazijagawiwa, kama alivyokisia Fundi. Jambo lisiloeleweka ni hili: sasa df inasema 16.5 ilhali du inasema 9.5. Nimejaribu sudo lsof +L1 nikaona faili moja tu iliyofutwa ikiwa bado wazi, nayo ni ya megabaiti 200.

Binti_Bungoma
Basi kuna data iliyofunikwa. Diski inapopachikwa juu ya saraka, yaliyokuwa ndani ya saraka hiyo hayaonekani tena, wala du haiyafikii, lakini nafasi yanaikalia vilevile. Je, una diski ya nje ya nakala rudufu? Unda /mnt/chini, andika sudo mount --bind / /mnt/chini, kisha upime kila saraka inayopachikiwa diski ukiipitia huko chini.

Jirani_wa_Ziwa (Kisumu)
Dada, umegonga penyewe. Ndani ya /mnt/chini/nakala kulikuwa na gigabaiti 6.8. Umeme ukikatika huku, diski ya nje wakati mwingine hairudi pamoja na seva, na hati ya usiku (skripti ya kutengeneza nakala) ilikuwa ikiandika nakala kwenye saraka tupu iliyo kwenye patisheni ya mfumo. Nimezihamishia kwenye diski yenyewe, nikazikagua kwa sha256sum kabla ya kuzifuta huku. Tuko asilimia 52.

Menengai (Nakuru)
Mwanzoni mwa hati hiyo weka mountpoint -q /nakala || exit 1, ili isiandike lolote diski ikiwa haipo.

Fundi_Lurambi (Kakamega)
Mimi ningeongeza chattr +i kwenye saraka hiyo wakati diski imeondolewa, kwani hapo hata root hataweza kuandika ndani yake, na diski ikipachikwa kazi itaendelea kama kawaida. Zile 19 usiziguse kwa sasa. Utazihitaji siku utakapotaka kuchukua taswira (snapshot) ya LVM kabla ya kusasisha hifadhidata.