Yah: Laini ya nyumbani haishiki mtandao

Wapendwa, poleni na mihangaiko.

Simu yangu ina tundu mbili za laini. Moja nimeweka laini ya huku, ya pili laini ya nyumbani, ambayo ninayo tangu nikiwa mwanafunzi. Nilikuja nayo na sijawahi kuibadilisha. Miaka yote hii ilikuwa inakaa kwenye kisimu cha zamani ndani ya droo, naiwasha pale tu benki inapotaka kunitumia namba ya kuthibitisha. Mara ya mwisho kuiwasha ni miezi mingi iliyopita.

Juzi nimepata simu mpya, nikazihamishia zote mbili humo. Ya huku inapiga kazi. Ya nyumbani inaandika "Hakuna huduma". Nimezima, nimewasha, nimeitoa na kuirudisha mara sijui ngapi, nimeipuliza. Kimya. Na benki imenifungia nje, maana namba ya kuthibitisha inakwenda kwenye laini hiyo hiyo. Anayejua dawa yake anisaidie.

* * *

Kaka, chukua kifutio cha penseli, sugua taratibu ule upande wa dhahabu. Yangu ilifufuka pale pale.

* * *

Pole ndugu. Nilikuwa fundi simu kabla maisha hayajanipeleka kwingine, kwa hiyo niulize kama fundi: skrini inasema nini hasa, neno kwa neno? Watu husema "laini haifanyi kazi" kwa magonjwa yasiyofanana kabisa, halafu kila mtu anakuletea dawa iliyomponya yeye.

Ikiandika "Hakuna SIM kadi", simu haijaiona kadi kabisa. Hapo ndipo kifutio cha ndugu hapo juu kina maana, au kitambaa kikavu, kwa sababu ile dhahabu hushika mafuta ya vidole na ukungu. Hapo pia ndipo pa kuuliza kama kadi ilikatwa kwa mkasi. Kadi za zamani zina unene wa milimita 0.76, hizi ndogo kabisa zina 0.67. Ukiikata ya zamani ikatoshea kwa upana, bado ni nene, inabana, na siku ya kuichomoa inang'oa vile vipini vya ndani vinavyogusa kadi. Nimefungua simu nyingi zilizouawa namna hiyo, na nyingine kwa zile fremu za plastiki za kukuzia kadi. Kupuliza nako hakufai: unaongeza unyevu wa mate mahali unapotaka pakavu.

Ikidai namba ya kufungulia mtandao, simu imefungwa kwa kampuni iliyoiuza. Kadi yako haina kosa.

Ikishika mtandao, ukapiga na kupigiwa, ila intaneti haifunguki, ni mipangilio: APN (anwani simu inayopitia kuingia intaneti), au rominga ya data (kutumia intaneti ya kampuni nyingine ukiwa ugenini) imezimwa.

Wewe umesema "Hakuna huduma". Maana yake simu imeiona kadi na imeisoma, ila hakuna mnara uliokubali kuipokea. Kuisugua hapo ni kumpaka mgonjwa wa malaria dawa ya upele.

Fanya mambo mawili. Kwanza, badilisha: kadi yako irudi kwenye kile kisimu cha zamani, na kadi ya mtu mwingine iingie kwenye simu yako mpya, tundu ile ile. Pili, nenda kwenye mipangilio, zima kuchagua mtandao kiotomatiki, acha simu itafute. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, usikate tamaa. Itakuletea orodha ya mitandao iliyoko hewani. Gusa mmoja mmoja, kisha utuandikie kila mmoja umejibu nini.

* * *

Mwanangu, mimi nakuonya jambo moja tu katika huko kuhamisha hamisha. Ukiingiza kadi kwenye simu nyingine ikakuuliza PIN ambayo huikumbuki, usibahatishe. Ukikosea mara tatu, kadi inajifunga na kudai PUK, ile namba ya tarakimu nane iliyochapishwa kwenye kadi kubwa la plastiki ambalo laini yako ilibanduliwa siku ya kwanza. Mimi lile kadi kubwa nililitupa siku hiyo hiyo. Nikawa najaribu PUK za kichwani, mwaka wa kuzaliwa huu, mwaka wa kuzaliwa ule. Ukikosea PUK mara kumi ndiyo kwaheri, kadi hiyo haifunguki tena milele, hata kampuni yenyewe haiwezi kuifungua. PUK unaweza kupewa na huduma kwa wateja ukijitambulisha vizuri. Mimi niliona aibu kupiga. Aibu ikanila laini.

* * *

Samahani kuwatisha, lakini hakuna aliyelisema. Laini iliyokuwa nzima ikizimika ghafla, na imeunganishwa na benki, uliza kwanza kama kuna mtu ameirudisha kwa jina lako. Mwizi anakwenda na kitambulisho cha kughushi, anasema amepoteza simu, anapewa kadi mpya yenye namba yako. Dakika hiyo hiyo kadi yako inaandika "Hakuna huduma", na namba za benki zinaingia kwake. Jipigie kutoka laini nyingine. Ukisikia inaita, au mtu akapokea, huku kadi yako imelala mkononi, acha kila kitu upigie benki wafunge akaunti. Kampuni ya simu itafuata baadaye.

* * *

Aliyeandika hapo juu, usiku sikulala, nakushukuru na nakulaumu kwa pamoja.

Nimejipigia. Haiiti. Sauti inasema namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Benki nimeongea nao, hakuna kilichoguswa, wameniwekea alama ya tahadhari.

Majibu ya fundi ni haya. Kadi yangu kwenye kisimu cha zamani: hakuna huduma vilevile. Kadi ya huku ya jirani kwenye simu yangu mpya, tundu ile ile: inashika. Kutafuta mitandao: imeleta mitatu, na kila ninaougusa unazunguka kidogo kisha unakataa, inaandika haiwezi kuunganisha kwenye mtandao huo.

Nikawatafuta huduma kwa wateja wa kampuni ya nyumbani kupitia ukurasa wao wa kuchati. Wanasema laini yangu iko hai, usajili uko sawa, rominga imewashwa. Wakaniambia "jaribu kuzima na kuwasha simu". Nusura nirushe simu dirishani.

* * *

Usirushe, hiyo simu haina hatia. Mpaka hapa umeshaondoa watuhumiwa wengi. Simu ni nzima, tundu ni zima, kadi inasomeka, akaunti iko hai, na mwizi hayupo. Imebaki minara ya huko uliko na kadi yako kutoelewana.

Maswali matatu. Hiyo kadi uliichukua mwaka gani? Imeandikwa nini usoni, kuna mahali pana 3G au 4G (vizazi vya mtandao wa simu, kutoka 2G ya zamani kwenda juu) au neno USIM? Na huko uliko, wamekwisha kuzima 3G?

* * *

Mwaka 2006. Usoni kuna nembo ya kampuni iliyokwisha kubadilishwa mara mbili, na namba ndefu inayoanza na 89. Hakuna G yoyote. Nimemuuliza jirani: huku 2G ilizimwa zamani, na 3G nayo imeshaondoka. Tangazo lilikuwa linakuja kwenye laini ya huku, nikawa nalifuta bila kusoma, maana simu yangu ni ya 4G.

* * *

Basi nadhani tumemshika. Hiyo 89 isikusumbue, kila kadi duniani huanza nayo, ni alama ya shughuli za mawasiliano. Shida ni umri.

Kadi za zama za 2G zina chipu yenye programu ya zamani inayoitwa SIM. Zilizokuja na 3G zina programu nyingine, USIM. Kwa macho zinafanana kabisa, lakini tofauti yake ni kubwa. Kadi ya zamani inajieleza kwa mnara: mimi ni fulani, na uthibitisho wangu ni huu. Mnara wenyewe haulazimiki kujieleza kwa kadi, ndiyo maana wahuni waliweza kutengeneza minara bandia ya kunasa simu. USIM inadai pande zote mbili zithibitishane. 3G ilizivumilia kadi za zamani. 4G ikakataa, na si hitilafu, ni kanuni iliyoandikwa kwenye viwango vyake: kadi ya 2G haiingii. Simu iwe mpya kiasi gani, haibadilishi lolote.

Kwa hiyo miaka yote ile kadi yako ilikuwa inaishi kwenye 2G na 3G za ugenini. Zilipozimwa, ikabaki bila pa kulala, na wewe hukujua kwa sababu ilikuwa kwenye droo. Kubadilisha simu ni sadfa tu, ndiko kumekufanya uione. Siyo wewe peke yako: Marekani kampuni kubwa zilizima 3G mwaka 2022, Australia walimaliza Oktoba 2024, na nchi kadhaa za Ulaya zimeondoa 3G zikabakiza 2G. Kwenye hizo za mwisho kadi yako bado ingeshika, tena ungepata meseji kama kawaida.

Kabla hujaniamini, jaribu jambo moja. Huko uliko hakuna mtu mwenye laini ya kampuni ile ile ya nyumbani, ila iliyotolewa miaka ya karibuni? Iingize kwenye simu yako. Ikikataa nayo, basi nimekosea: kampuni hizo hazina makubaliano ya rominga kwenye 4G, na kadi mpya haitakusaidia kitu. Ikishika, ugonjwa ni kadi.

* * *

Binamu yangu amefika huku juzi juzi. Laini yake ya kampuni ile ile, kwenye simu yangu, tundu ile ile: imeshika ndani ya sekunde kumi. Meseji ya kumkaribisha ugenini ikaingia. Nimeirudisha yangu: "Hakuna huduma".

Sasa nafanyaje kupata kadi mpya na namba ibaki ile ile?

* * *

Namba haikai ndani ya kadi, inakaa kwenye mitambo ya kampuni. Wanafungua kadi mpya, wanaiunganisha na namba yako, ya zamani inakufa. Salio lako na pesa zilizo kwenye namba hiyo zinabaki. Kinachopotea ni majina uliyoyahifadhi kwenye kadi yenyewe, na mtu wa 2006 lazima ana majina kwenye kadi. Yanakili kwenye simu leo. Kadi isiposhika mtandao bado inasoma majina.

Ugumu uko kwenye kuipata. Kampuni nyingi hutaka mwenye laini afike mwenyewe na kitambulisho alichosajilia, tena wengine na alama za vidole, na ni kwa sababu ya wale wezi tuliosimuliwa hapo juu. Waulize kama wana e-SIM (laini isiyo na kadi, inayopakuliwa ndani ya simu) na kama wanaweza kukuhamishia ukiwa mbali, baadhi wanafanya hivyo kwa kukuthibitisha kwa video. Usikubali ndugu aisajili upya kwa jina lake "kwa muda". Siku ya kuirudisha jina lako utazungushwa hadi uchoke, na kwa mujibu wa karatasi namba itakuwa yake, na kila kilichofungwa kwenye namba hiyo.

Benki usiingoje kadi. Waambie wahamishie uthibitisho kwenye programu yao ya simu, au kwenye laini ya huku kama wanakubali namba ya nje.

* * *

Mwanangu, na ukipata hiyo kadi mpya, lile kadi kubwa la plastiki usilitupe.

* * *

Shangazi, nitalitia fremu.

Majina nimenakili, mia na kumi na tatu, nusu yao siwakumbuki ni akina nani. Kuna mmoja nimemwandika "Fundi Baiskeli Mrefu". Benki wamekubali programu baada ya kunihoji kwa video, nimeshaingia kwenye akaunti. Kampuni ya simu wanasema e-SIM wanayo, ila mara ya kwanza ni lazima niende mwenyewe, kwa hiyo itasubiri nitakapokwenda likizo. Nimewauliza laini isiyotumika inakaa muda gani kabla hawajampa mtu mwingine namba, wakanitajia siku, na wakasema kuongeza salio kunahesabika kuwa ni matumizi. Naongeza kidogo kidogo kutoka huku, kwa mtandao.

* * *

Nimesoma mazungumzo yote haya huku nikisema moyoni hayanihusu. Sasa hivi nimeifungua simu yangu nikaichomoa laini ya nyumbani. Haina G yoyote. Fundi, huku kwetu 3G wanazima mwezi ujao, na wiki ijayo nasafiri kwenda nyumbani. Nibebe vitambulisho gani?