Vishnuvardhan ana mnara wa kumbukumbu Mysuru. Mashabiki wana haki ya kudai na ule wa Bengaluru?

Wakuu, kwa sisi tunaofuatilia filamu za Kikannada, lugha ya jimbo la Karnataka kule India, huu ubishi tuumalize, maana kila akitajwa Vishnuvardhan tunagombana.

Mwigizaji huyo alifariki Mysuru tarehe 30 Desemba 2009 akiwa na miaka 59, ameshacheza filamu zaidi ya 200. Wapenzi wake humwita Sahasa Simha, yaani simba jasiri. Mwili ulichomwa Bengaluru, kwenye viwanja vya Abhiman Studio, na mashabiki wakapageuza mahali pa kuzuru. Kila 18 Septemba, siku aliyozaliwa, maua yalijaa. Shida ni kwamba studio hiyo ilikuwa mikononi mwa familia ya mwigizaji mwingine marehemu, Balakrishna. Kesi juu ya kesi. Familia ya Vishnuvardhan ikachoka kusubiri, ikaridhia Mysuru, na serikali ya Karnataka ikafungua mnara huko Januari 2023. Agosti 2025 pale Abhiman pakabomolewa usiku.

Mimi nipo upande wa familia. Mjane akishasema "Mysuru", shabiki anyamaze. Ila kubomoa gizani ni kutafuta lawama bure. Karibuni.

— Mkuu, familia ilichagua jengo, haikuhamisha alipochomewa mtu. Shabiki hakulilia ukumbi wenye viti, alililia ile ardhi. Na mbona Rajkumar, nyota mwingine wa Kikannada, alipofariki mwaka 2006 alipata pa kuzikwa Kanteerava Studio, hapohapo Bengaluru, bila vuta nikuvute? Mkewe na mwanawe Puneeth wamelala hapohapo. Hilo ndilo linalowauma watu wa Vishnu, hata wasipolitamka.

— Umejijibu mwenyewe. Kanteerava ni ya serikali, ilikuwa na mamlaka ya kuitoa. Abhiman ina wenyewe. Kupenda msanii hakukupi hati ya kiwanja cha mtu.

— Wenyewe? Ardhi ile serikali ndiyo iliyompa Balakrishna ili pawe na studio. Ingetaka, ingekaa na warithi mwaka 2010, ikawalipa, tukalala. Imengoja miaka 15, halafu Septemba 2025, mwezi mmoja baada ya kubomoa, ikamtunuku marehemu Karnataka Ratna, nishani kubwa kuliko zote jimboni. Hiyo kwangu ni pole ya aliyechelewa mazishi.

— Mnabishania udongo tu. Puneeth alipofariki ghafla tarehe 29 Oktoba 2021, macho yake yalitolewa kwa wasioona, watu wanne wakapata kuona. Baba yake naye alitoa yake. Baada ya hapo mashabiki walipanga foleni kujiandikisha kutoa macho. Heshima ya namna hiyo haihitaji kiwanja.

— Sawa, lakini hata Puneeth ana kaburi, na watu wanalizuru. Mwenye pa kwenda kulia ni rahisi kumwambia mwenzake asihangaike na udongo.

Mwanzisha mada: hapo umenikamata. Bado nasema mjane kwanza. Ila nijibuni hili: kama warithi wa Balakrishna wangekubali kuuza, nani alipe, serikali au mashabiki wachange?