"Ni ileile, kampuni tu tofauti": kauli iliyonilaza wodini

Wakuu, naandika huku mkono bado umevimba palipochomwa dripu, kwa hiyo mnivumilie nikifoka.

Huu ni mwaka wa nne naishi na figo ya dada yangu. Miaka yote hiyo nameza takrolimusi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, ile aina inayojiachia polepole ukishaimeza, mara moja kwa siku, saa mbili kamili asubuhi. Simu ikilia nameza, hata niwe msibani. Sijawahi kuruka dozi.

Mwezi uliopita nimekwenda kuchukua dawa, nikapewa boksi geni. Rangi ya kapsuli siyo, maandishi siyo. Nikauliza. Jamaa hata macho hakuinua: "Kaka, ni ileile, kampuni tu tofauti. Si unaona miligramu ni zilezile?" Miligramu niliziona. Ambacho sikukiona ni kwamba zile zilikuwa za kumeza mara mbili, kila baada ya saa 12. Mfamasia ni yeye, si mimi!

Wiki tatu nzima nikawa nameza mara moja dawa ya kumeza mara mbili. Na figo ikianza kukataliwa haipigi kelele. Sikuumwa popote, sikupata homa. Kitu pekee, jioni nikivua soksi naona zimeacha mfereji kwenye kifundo cha mguu. Nikalaumu viatu.

Ikafika siku ya kliniki. Wenzangu mnaijua: dozi inakaa mfukoni, unatolewa damu kwanza ndipo umeze, maana wanatafuta kiwango cha chini kabisa cha dawa kwenye damu kabla ya dozi. Changu huwa kati ya 6 na 8. Safari hii 2.9. Kreatinini, uchafu wa damu unaopanda figo ikilemewa, imeruka kutoka 115 hadi 190. Siku hiyohiyo nikalazwa, nikachomwa sindano ya kunyofoa kinyama cha figo, kikapimwa, kisha steroidi za mshipa siku tatu.

Kinachoniudhi ni kwamba hili si jambo jipya. Uingereza, mamlaka ya dawa ilielekeza tangu 2012 kwamba takrolimusi ya kumeza iandikwe na kutolewa kwa jina la biashara, na mgonjwa asihamishwe aina bila daktari wa upandikizaji kusimamia na kupima damu upya. Dawa yenyewe haina msamaha: ikizidi, mikono inatetemeka na figo ileile unayoilinda inaumia, ikipungua, mwili unaishambulia. Halafu mtu anaigawa kama panadoli.

Tena ni dirisha hilohilo walilowahi kunipa ibuprofeni ya mgongo, dawa inayoweza kuumiza figo. Mtu wa figo moja ya kupewa! Nikairudisha. Mwingine akaniandikia klarithromaisini ya kikohozi bila kuuliza natumia nini, wakati hiyo inapandisha takrolimusi kwenye damu kupita kiasi. Zote mbili nilizikamata kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kliniki. Hili la boksi hakuna aliyenifundisha.

Sasa nina picha ya boksi langu kwenye simu. Lisipofanana, siondoki dirishani hadi kliniki ipigiwe. Wananiona msumbufu, poa tu.

Barua ya malalamiko nimepeleka. Jibu: "Tunafuatilia." Kreatinini imeshuka hadi 140 na hapo imegoma. Dada kila akipiga simu anauliza figo inaendeleaje, namwambia salama. Kuna aliyewahi kulalamika akasikilizwa? Alianzia wapi?