Kuhusu: Kifuniko kigumu cha kukunja kwa pikapu iliyoko Mombasa

Kutoka Minneapolis

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Kaka yangu anayeishi Bamburi ana Toyota Hilux ya dabo kabini ya mwaka 2017, naye huitumia kupeleka bidhaa za duka baina ya Kongowea, Mtwapa na Kilifi. Nimeazimia kumnunulia kile kifuniko kigumu cha kukunja ambacho huku Marekani nakiona kwenye pikapu nyingi, ili aepukane na turubai na kamba. Nimepata kimoja cha Toyota Tacoma kwa bei nzuri, na muuzaji amenihakikishia kwamba kitaingia. Nawaomba mnaojua mnishauri kabla sijalipa.

Kutoka Mombasa

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Tafadhali usilipe bado. Hilux siku hizi haiuzwi Marekani, nayo Tacoma hutengenezwa kwa usukani wa kushoto na haina njia ya kawaida ya kusajiliwa Kenya; zote mbili ni za Toyota, lakini bodi zao, yaani sehemu ya nyuma ya kupakia mizigo, hazikutoka katika kalibu moja. Bodi fupi ya Tacoma ni ya futi tano, na ya Hilux ya dabo kabini ni kama mita moja na nusu, na huko kukaribiana ndiko kunakowaponza wanunuzi. Kifuniko hiki hakiwekwi tu juu kama kawa juu ya sinia. Hulala juu ya reli mbili za alumini zinazobanwa kwa ndani kwenye kingo za bodi, na umbo la ukingo likitofautiana kidogo tu, vibano havishiki na raba haigusi pale inapotakiwa kugusa.

Hata Hilux zenyewe za umbo lililoanza mwaka 2015 hazina bodi ya aina moja. Ziko zenye kulabu za kufungia kamba kwa nje na ukingo wa bati mtupu, na ziko zisizo na kulabu, ambazo ukingo wake umevikwa plastiki nene. Kifuniko cha hii hakikai vizuri kwenye ile. Kwa hiyo mwombe kaka yako akupigie picha ya ukingo kwa karibu, pande zote mbili, kisha apime. Mlango wa nyuma uwe umefungwa, aanzie ukuta wa kabini hadi uso wa ndani wa mlango, kwa juu usawa wa kingo, si kwenye sakafu. Apime upana wa mbele na wa nyuma, halafu apime kona kwa kona mara mbili. Vipimo viwili vya kona vikipishana kwa zaidi ya sentimita moja hivi, huenda pikapu iliwahi kugongwa na bodi ikapinda, na hakuna kifuniko cha kiwandani kitakachokaa sawa mpaka bodi inyooshwe. Akuambie pia kama gari lina yale mabomba yanayosimama nyuma ya kabini, maana miguu yake huzuia kipande cha mbele kisilale, isipokuwa kifuniko kiwe kimetengenezwa kwa kuyazingatia.

Sasa niseme jambo linalonikera ninaposoma matangazo ya huko. Yameandikwa kwa ajili ya theluji. Utaambiwa kuwa kifuniko kinahimili pauni 400, yaani kilo 180 hivi, zikitandazwa sawasawa juu yake, na mnunuzi ataona hiyo ndiyo sifa kuu. Bamburi hakuna theluji, na kipimo hicho hakimruhusu mtu kusimama juu ya kifuniko wala kupakia magunia, kwa sababu uzito huo utaangukia mahali pamoja. Kinachokula vitu hapa kwetu ni chumvi. Inakuja na upepo wa baharini, inalala juu ya bati usiku pamoja na umande, na asubuhi ukipitisha kidole unaihisi.

Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma, na wengi hudhani imesalimika. Lakini alumini na boliti ya chuma cha pua zikigusana, na maji ya chumvi yakapita kati yake, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe umezunguka kichwa cha boliti. Boliti yenyewe inabaki inang'aa, huku tundu lake likipanuka mwezi hata mwezi hadi bawaba ianze kucheza. Kwa hiyo muulize muuzaji maswali ambayo pengine hajawahi kuulizwa: je, kati ya boliti na alumini pana washa ya plastiki? Je, boliti zinafunguka kwa spana ya kawaida na zinaweza kubadilishwa moja moja? Je, raba za maungio huuzwa peke yake? Raba hapa hupigwa na jua mwaka mzima, hukakamaa na kupasuka kabla ya kitu kingine chochote, na kifuniko ambacho raba zake hazipatikani kitamlazimu mtu anunue kingine kizima.

La maji nitalieleza kwa yaliyonipata. Niliporudi nyumbani baada ya kuishi Uingereza nilifunga kifuniko cha vipande vitatu kwenye pikapu yangu, nikaamini kuwa mvua si tatizo langu tena. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, nilipakia jioni mabunda ya daftari za madrasa ya mtaani kwetu ili niyapeleke asubuhi. Usiku mvua ilinyesha bila kupumzika. Nilipofungua, mabunda yaliyoegemea kabini yalikuwa yamevimba na wino wa majalada ya buluu umechuruzika hadi sakafuni. Nilijilaza ndani ya bodi na tochi nikatafuta. Katika kona ya mbele kuna mrija wa plastiki, mwembamba kama kidole cha mwisho, unaotoa maji kwenye mfereji wa reli na kuyashusha chini ya gari. Fundi aliyekifunga alikuwa amekaza kibano kabla ya kuutoa mrija, nao ulikuwa umebanwa ukawa bapa kama utepe. Mfereji ulijaa, maji yakakosa pa kwenda, yakamwagikia daftari za watoto. Nilizilipa zote, na hadi leo bado linaniuma.

Fahamu basi kwamba kifuniko hiki hakizuii maji kwa kuziba kila mahali. Hukubali maji kiasi yaingie kwenye maungio, kisha huyaongoza kwenye mifereji na mirija. Mrija ukiziba kwa majani ya mwarobaini au kwa vumbi, kazi yote imeharibika. Vumbi nalo huingia zaidi kwa nyuma, kwa sababu gari likienda kasi hewa iliyo nyuma yake huvutwa, na pale penye mwanya chini na kandokando ya mlango wa nyuma ndipo vumbi linapopenya. Watu huhangaika na raba za juu na kusahau kwamba mlango wenyewe una mianya inayopita kidole. Raba ya kuzungushia mlango ni ya gharama ndogo, na mimi ningeinunua siku ile ile.

Kutoka London

Shukrani, kaka. Mimi ningependa kujua kuhusu wezi. Mume wangu alipokuwa na pikapu Changamwe, watu walikuwa wakipanda nyuma gari likiwa kwenye foleni na kuteremsha mizigo. Je, si bora kanopi, lile paa gumu la kudumu linaloinuka juu ya bodi?

Kutoka Mombasa

Dada yangu, swali lako lina uzito. Vifuniko vingi vya kukunja havina kitasa chake. Kipande cha nyuma hufunguliwa kwa waya au kikomeo ambacho mkono haukifikii mpaka mlango wa nyuma ufunguliwe. Maana yake ni kwamba usalama wote uko kwenye mlango, na mlango usiofungwa kwa ufunguo haulindi chochote. Mwenye gari aanze na kitasa cha mlango. Kwenye foleni kifuniko kinasaidia sana, kwa kuwa mtu hawezi kuona kilichomo wala kunyanyua kitu kwa haraka. Kanopi inabeba zaidi na inafungika vizuri, lakini anayepeleka bidhaa Kongowea leo hubeba katoni, kesho hubeba jokofu lililosimamishwa, na kanopi haikunjiki. Hiki unakikunja kuelekea kabini. Angalizo moja tu: aina zinazosimamishwa zikiegemea kabini huziba kioo cha nyuma, na dereva atategemea vioo vya pembeni.

Kutoka Minneapolis

Nimekuelewa, kaka, na nimeachana na cha Tacoma. Nikipata cha Hilux, nikitume kwa ndege au kwa meli?

Kutoka Mombasa

Kwanza mwambie kaka yako aulize maduka ya vipuri ya hapa, kwa sababu vifuniko vya Hilux hutengenezwa Thailand, ambako Hilux nyingi huundwa, na pia Australia, na huenda akapata bila wewe kutuma kitu. Ukilazimika kutuma, piga hesabu ya katoni kabla ya kupiga hesabu ya kilo. Chukua katoni ya sentimita 160 kwa 60 kwa 30. Kwa ndege, ujazo huo hugawanywa kwa 6,000, unapata kilo 48, nawe utatozwa kilo hizo hata kama kifuniko kina kilo 30 tu. Kwa meli ni chini kidogo ya theluthi moja ya mita ya ujazo, na ukikichanganya na mizigo ya wenzako kwenye kontena moja utapumua. Kumbuka pia kwamba bandarini Kilindini ushuru hukokotolewa juu ya bei ya kitu pamoja na bima na nauli, kwa hiyo nauli nayo inapandisha ushuru.

Kikishafungwa, kaka yako asimlipe fundi papo hapo. Atandaze magazeti makavu kwenye sakafu nzima ya bodi, afunge, amwage maji kwa mpira dakika kumi, kisha afungue na kutazama ni gazeti lipi limelowa na upande gani; fundi akiwa bado yupo, vibano hurekebishwa kwa muda mfupi. Na kila wiki akioshe kwa maji matamu. Nasema hivi kwa sababu nyumba nyingi za Bamburi na Nyali hutumia maji ya kisima, na hayo yana chumvi. Mifereji ya nyumbani isipotoa maji matamu, mitungi miwili ya maji ya mkokoteni inatosha, na aanze na bawaba na vichwa vya boliti kabla ya kumwagia juu.