ALIANDIKA 4!!! Foraji (kisima ya pompi) haina hata tone ya mayi, na yeye anaandika 4

Mama_Bidoni_Mbili (Katuba, Lubumbashi):
Bandugu niko natetemeka hata kuandika, mutanisamehe makosa. Ametoka hapa saa hii, vumbi ya motokari yake haiyaanguka bado.

Munamujua. Sitaje jina. Ule wa kizibao ya rangi ya machungwa na tableti mukononi, anakuyaka kila mara projeti ikimalizika, wa ile buro ya kufanya etidi (kuchunguza kama projeti ilifaa) na kupana shauri kwa bakubwa. Kama haumujue basi kwenu habajaleta projeti hata siku moja.

Foraji ya kwetu pia munaijua. Balikuya na fanfari, balikata kamba, bakapiga picha mpaka mbwa wa jirani akaingia mu picha, pano (kibao ya jina ya projeti) balisimamisha kubwa kuliko nyumba yangu. Mayi ikatoka siku tatu. SIKU TATU. Siku ya ine pompi ikakohoa kho kho kho sawa muzee wa tumbako, na basi, mpaka leo. Batu banaanika manguo pale. Mbuzi ya jirani ilizalia mu kile kibanda, watoto babili, beko muzuri.

Sasa leo anafika. Ananikuta na bidoni mbili kichwani na mukononi, natoka ku kisima ya batu, 200 franka kila bidoni. Haniambie hata pole. Anauliza: "Mama, kuanzia 1 mpaka 5, unafurahia foraji kiasi gani?" Namuambia papa, mayi haitoke. Anauliza tena, vilevile, sawa redio. Namuambia kuya uone. Nikaenda naye, nikafungula robine (bomba) mbele ya macho yake, na unajua nini ikatoka? Mende. Moja. Mukavu.

Namuambia basi andika zero.

Ananiangalia vile banaangaliaka mutoto mwenye kulilia pipi, anasema: "Mama, zero haiko mu fishi ya maulizo." Na akaandika 4. Niliona kidole yake na macho yangu bandugu. Ilipita 1, ilipita 2, ilipita 3, ikatua ku 4. Mende ilikuwa ingali chini ya muguu yake!

Namuuliza ju ya nini 4? Anasema: kibanda iko, pano iko, pompi iko, inakosa paka mayi. PAKA MAYI!!! Sasa foraji ni ya nini, ya kupigia picha? Na akiondoka anamuambia shofa wake eti rapori itapana shauri baongeze ingine 10 sawa hii mu makartie. Sawa hii! Na mende yake!

Kijana_wa_Kenya (komini ya Kenya, Lubumbashi):
Mama pole. Lakini shi ungemuambia hiyo mende ni matokeo ya projeti? Ungepata 5.

Mama_Bidoni_Mbili:
Weye endelea kucheka, kesho anakuya kwenu. Aliandika 4. Nilimuambia zero.

Agent_wa_Zamani:
Nilitumika mu kazi hiyo miaka mingi, mama ana haki na ni mubaya kuliko vile anawaza. 4 juu ya 5, ikifika mu rapori haitaitwa tena 4, itaitwa "80% ya kuridhika". Rapori ya kartie inaingia mu ya komini, ya komini mu ya provensi, ya provensi inapanda Kinshasa, na kule juu hakuna mutu mwenye kujua kama kulikuwa mende. Mukubwa anasoma 80%, anasaini foraji 10. Shauri ya bongo inazalikaka vile.

Na sheria za kazi ziko. Ba OCDE, kile kikundi ya inchi tajiri, balipanga maulizo tano ya kupimia projeti tangu 1991, mu 2019 bakaongeza ya sita: projeti inajibu hitaji ya batu? inapatana na projeti zingine? ilifikia lengo? pesa ilitumika muzuri? ilibadilisha maisha? itadumu? Mu hayo sita yote hakuna hata moja inayouliza kama pano imesimama. Kuhesabu foraji zenye zilitobolewa ni kitu moja, kuhesabu mayi yenye batu banakunywa ni kitu ingine, na mutu wa etidi mwenye hatofautishe hayo mbili arudishe tableti.

Kijana_wa_Kenya:
Professa, mbuzi mwenye kuzaa mu kibanda anaingia mu ulizo ya ngapi? Mimi naona "ilibadilisha maisha".

Ya_Clémentine_Ruashi:
Mama we unalia na kwenu hata mende iko. Kwetu baliweka pano PAKE YAKE. Hakuna shimo, hakuna pompi, hakuna kibanda. Pano. Inasema "mayi safi kwa bote". Balikuya kufanya evaluasio ya pano.

Mama_Bidoni_Mbili:
Na waliandika ngapi?

Ya_Clémentine_Ruashi:
3. Eti rangi imeanza kutoka.

Muzee_Makala:
Bana, nyinyi munashangaa ju muko watoto. Mobutu alituambia Objectif 80, ahadi yake ya maendeleo mpaka mwaka 1980, tukangoja 80. Mu 2006 tukasikia Cinq chantiers, kazi kubwa tano za serkali, mayi na umeme ilikuwa mule ndani. Nyuma ikakuya plani ya taifa ya 2019-2023, sasa tuko mu ya 2024-2028. Mimi naulizaka paka ulizo moja: kabla ya kuandika plani mupya, ile ya zamani nani aliikalia chini akasema hapa tulikosa? Mu miaka yangu yote hakuna mutu alikuya kugonga kwangu kuniuliza.

Agent_wa_Zamani:
Muzee njo pale. Sheria ya pesa ya serkali, LOFIP, ni ya tarehe 13/7/2011. Ilisema tutoke mu bajeti ya kuhesabu matumizi tuingie mu bajeti ya programu, maana kila ministeri ijibu kwa matokeo. Balisukuma tarehe, bakasukuma tena.

Fundi_Velo:
Acheni LOFIP, tuongee pesa. Sheria ya migodi (Code minier) ya 2018 inasema redevansi, pesa yenye kampani ya mgodi inalipa, inagawanywa: 50% serkali ya Kinshasa, 25% provensi, 15% komini ao shefferi yenye mgodi iko, 10% mufuko wa vizazi bya kesho. Tena kampani inatoa 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya batu ba pale. Tunaishi juu ya kobalti na shaba na mama ananunua mayi 200! Aulizwe kizibao kama hiyo iko mu fishi yake.

Bukari_Na_Ndakala:
Na ile 40% ya mapato ya taifa yenye ni ya provensi, yenye iko mu konstitusyo, artikle 175? Munasahau ile ya kwanza munarukia 15.

Fundi_Velo:
Sijasahau, nilikuwa naenda pole pole.

Wa_Kasenga:
Nyinyi ba mujini munalia sana. PDL-145T, ile programu ya serkali ya maendeleo, hamumo hata, ni ya materitware 145 ya inje ya miji, bilioni 1 na milioni 660 ya dola, PNUD ya ONU na buro mbili za serkali, BCECO na CFEF, baligawana kazi. Shiye njo tuko na haki ya kulia.

Bukari_Na_Ndakala:
Sasa unajivuna ju ya kulia?

Mama_Bidoni_Mbili:
Bandugu, naomba turudi ku mende. Nilimuambia zero. Nilifungula robine mbele yake. Mutu mwenye anapana bakubwa shauri juu ya maisha yangu aliona mende mukavu akaandika 4, na kesho rapori itasema mama wa Katuba anaridhika. Mimi siridhike! Nani alimupa ruhusa ya kuridhika mahali pangu?

Kijana_wa_Kenya:
Mama kweli hapo umenigusa. Pole ya ukweli sasa.

Mukaji_wa_Kampemba:
Na umeme je? Kwetu ni siku ya ine. Samaki yote imeoza mu frigo. Ya mayi munaweza kununua bidoni, ya umeme nitanunua mu bidoni gani?

Ya_Clémentine_Ruashi:
Siku ya ine? Kwetu ni juma mbili.

Mukaji_wa_Kampemba:
Juma mbili wapi, dada yangu anakaa Ruashi ana umeme.

Ya_Clémentine_Ruashi:
Dada yako ana groupe (jenereta).

Fundi_Velo:
Ngojeni, hiyo bidoni ya 200 ni ya litre 20 ao 25? Kwetu ya 20 ni 150.

Bukari_Na_Ndakala:
150 wapi hiyo? Tuma mahali.

Fundi_Velo:
Nyuma ya soko, kwa mama mwenye mulango ya bleu. Lakini fika mbele ya saa 12 asubui, mustari inafika ku barabara.